Somo Aliyenyamaza

"Hivi, Mwahija, ni kweli mnakwenda kufundishwa kusikiliza? Kwani masikio yenu yana nini?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Maftaha, Mungu amrehemu. Tulikuwa uani kwake, Rasbura. Yeye anapepeta mchele, na mimi nimeshavaa buibui langu, niko njiani kutoka. Nikamjibu kwamba masikio ni mazima, ugonjwa uko mdomoni. Akacheka mpaka mchele ukamwagika, kuku wakapata chao.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, kadi za TANU zimeshaanza kuingia majumbani. Mume wangu alikuwa amefariki na eda nilikuwa nimeimaliza zamani. Watoto sikujaliwa. Nilisuka mikeka, nikashona kofia, nikasali sala zangu kwa wakati. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, na juzuu zangu nilizimaliza kabla ya hapo. Haya ninayoandika, Siti, mwenye habari hii, ameyasoma kabla yenu. Mahali aliponiambia nitoe, nimetoa.

Mafunzo yalifanyika kwenye jumba la ustawi wa jamii. Kesi za ndoa zilikuwa nyingi mno barazani kwa liwali, na watu wa ustawi wakaona watafutwe wanawake wazima, Waislamu na Wakristo, wa kukaa na wenzao wenye shida kabla mambo hayajafika huko. Mwalimu wetu aliitwa Katarina, binti wa Kimakonde ambaye wazazi wake walilima Nyangamara. Alikuwa mwuguzi, kisha akapelekwa Uingereza kusomea kazi hiyo. Alituambia njia yenyewe ilianzia Marekani, kwa waganga wa nafsi waliochoka kuwaambia watu la kufanya na kuona hawalifanyi.

Siku ya kwanza alituweka wawili wawili kwenye viti, tukitazamana. Mmoja aseme shida yake, ndogo lakini ya kweli, na mwenzake asikilize. Natalia, mke wa seremala wa misheni, akasema mama mkwe wake amehamia kwake, na kila chungu anachoteleka, mkwe anakionja na kukitia chumvi upya.

Agnes, aliyekaa mbele yake, akadakia: "Mfiche chumvi!"

Tukaangua kicheko. Katarina hakucheka.

"Dada Agnes, nani kaomba dawa?"

"Sasa si ameniambia shida?"

"Amekuambia shida. Hajakuuliza kitu. Mrudishie kwanza alichosema, ajue umekipata."

Agnes akajikohoza kama mtu anayetaka kusoma risala. "Natalia, unasema mama mkwe wako anatia chumvi."

"Siyo chumvi," Natalia akasema, na macho yakamjaa. "Mume wangu anamwona anavyofanya. Anamwona, halafu anakula kimya."

Kicheko kikaisha pale pale. Mpaka leo nikimkumbuka Katarina namkumbuka kwa dakika ile, kwa sababu nilidhani nimekuja kujifunza mchezo wa Wazungu, nikaona mwanamke mwenzangu anafunguka kwa neno moja alilorudishiwa.

Kwangu mimi kazi ilikuwa ngumu. Nilipokuwa nasikiliza, maneno ya nasaha yalinijaa mdomoni, na ili nisiyateme nikawa navuta tasbihi chini ya kanga. Katarina akaisikia inavyogonga.

"Bi Mwahija, uko na mimi au uko na Mungu?"

"Kwani ni lazima nichague, mwanangu?"

Safari hii alicheka. Lakini alinyoosha mkono, nikampa tasbihi, akaiweka juu ya meza mpaka darasa liishe. Akatuambia kwamba mgeni akiaga tunamsindikiza, na anayesindikiza hachagui njia. Anakwenda anakokwenda mgeni, kwa mwendo wa mgeni. Na mtakayoyasikia, akasema, hayatoki. Hilo sikuhitaji mwalimu. Sisi tunaliita amana, na anayeivunja ataulizwa.

Nilikuwa bado katika mafunzo hayo Siti aliporudi kwao na furushi kichwani.

Siti ni binti wa pekee wa Maftaha, na mimi ni somo yake. Alipovunja ungo ni mimi niliyemweka ndani, nikamfunza ya kike na ya ndoa. Hata alipoolewa Rutamba na Rashidi, akiwa na neno kwa mama yake, maana baba alishafariki, lilipitia kwangu. Kwetu mwari hamtazami somo wake usoni, wala hasemi kabla somo hajaanza. Na somo hanyamazi. Kazi yake ni kusema.

Masika ya mwaka ule Siti alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto akafariki kabla ya siku ya saba, hajanyolewa, hajapewa jina. Tulikwenda Rutamba, tukatoa pole, tukamwambia asilie, maana mtoto mchanga ni tunda la peponi. Hakulia. Tukamsifu kwa subira yake. Sasa miezi imepita, amerudi, na neno alilosema ni moja tu: harudi kwa mumewe. Rashidi alimfuata, akaondoka mikono mitupu.

Maftaha akaja kwangu hata hodi hakumalizia.

"Shoga, huyo ni mwari wako. Kama anapigwa, nijue. Kama kaletewa mke mwenza, nijue. Mjomba wa Rashidi anakuja Ijumaa baada ya sala, Mzee Abilahi mwenyewe, na mimi sina la kumwambia. Wakiona hatuna sababu wataandika talaka, na mwanangu atabaki na jina la mke aliyekimbia bure. Nani atamposa tena?"

"Nitamsikiliza," nikasema.

"Sikukuambia umsikilize! Nimekuambia useme naye!"

Nikatuma aitwe. Akaja baada ya alasiri, amejitanda kanga mpaka machoni, akaketi mkekani na kuinamisha kichwa. Mimi nikaketi mbele yake, tunatazamana kama alivyotupanga Katarina, isipokuwa yeye alikuwa anatazama magoti yake. Nikanyamaza, namngoja aanze yeye, kama nilivyofundishwa. Naye akanyamaza, ananingoja nianze mimi, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Tukakaa. Kuku akaingia, akatutazama, akatoka. Jua likahama kutoka kizingitini mpaka ukutani. Nilijua nikifungua mdomo litatoka la somo: rudi kwa mumeo, mche Mungu, mwanamke ni kuvumilia. Basi sikuufungua. Mwadhini akaadhini magharibi.

"Haya, mwanangu," nikasema.

"Nimekuelewa, somo," akasema, akaondoka.

Kesho yake Maftaha akanikuta kisimani. "Umemfanya nini mtoto? Anasema umemkasirikia mpaka ulimi umekataa. Usiku kucha hakulala."

Nikaenda kwa Katarina kabla ya darasa. Sikutaja jina wala nyumba. Nilisema tu kuna mwari na kuna somo, na kimya kilichotokea. Nilidhani atanipa la kufanya. Akaniuliza: "Wanawake wa mtaani kwako wakitaka kusema jambo zito, wanalisema wakiwa wapi?"

"Kwenye ukili. Tukisuka mikeka."

"Mnakaa vipi?"

"Ubavu kwa ubavu. Macho kwenye kazi."

Akaviangalia viti vyake vilivyotazamana. "Mimi nimewapanga hivi kwa sababu ndivyo nilivyopangwa," akasema, na siku ile tukaanza darasa chini, juu ya mkeka.

Jioni nilikwenda mwenyewe kwa kina Siti, Maftaha akiwa sokoni. Nikabeba miyaa ya kusukia kwapani.

"Shikamoo, somo," Siti akasema, na kanga ikapanda kichwani.

"Marahaba. Shusha hiyo kanga, joto. Somo nimemwacha nyumbani amelala. Huyu aliyekuja ni Mwahija, ana mkeka wa watu haujaisha na ukili hautoshi. Una mikono?"

Akacheka kidogo. Akachukua miyaa. Tukaketi tumeegemea ukuta mmoja, kila mtu na ukili wake.

Ukili ulifika urefu wa mkono kabla hajasema kitu.

"Kule nyumbani kuna kelele," akasema.

"Kuna kelele."

"Siyo za ugomvi. Wananitunza. Mama mkwe ananiletea uji kitandani. Rashidi hajaniinulia mkono hata siku moja."

Nilitaka kuuliza, basi ni nini? Nikaubana ulimi, nikakosea kusuka, nikafumua.

"Mke wa shemeji amejifungua," akasema. "Wa kiume. Wamemwita Bakari."

Bakari lilikuwa jina la marehemu baba yake Rashidi. Nililijua.

"Bakari," nikasema.

Mikono yake ikasimama. "Lilikuwa la wangu. Tangu tumboni lilikuwa lake. Hakufika siku ya saba, hakulipata, likabaki wazi, na mtoto mwingine alipokuja wakampa. Hawakukosea, somo. Jina la babu lazima liwepo nyumbani. Lakini kuanzia alfajiri ni Bakari analia, Bakari kajikojolea, mleteni Bakari. Na kila wakiita, mimi naitika moyoni."

"Unaitika."

Hapo akalia. Alilia kama mtu aliyekuwa amebeba maji mbali na sasa ameyatua. Sikumwambia anyamaze. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahimu, machozi yakamtoka mbele ya watu, na sisi kule Rutamba tulimkataza binti huyu yasimtoke hata jikoni.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga, akaokota ukili wake.

"Nikilisema hili nitaitwa hasidi," akasema. "Mtoto akikohoa tu, watasema ni jicho langu. Wala simchukii yule mtoto. Nambeba. Siwezi kumwita, basi."

"Unambeba, ila kumwita huwezi. Na unaogopa wataliona ni jicho."

"Hata mama usimwambie. Mama ana huruma, lakini mdomo wake hauna komeo."

"Sitamwambia."

Nilipofika kwangu nilikaa kitako mpaka isha. Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri, na hakuna aliyeniomba.

Halafu ikaja Alhamisi. Maftaha akatoka sokoni mbio, kikapu hakijajaa. Mwanamke mmoja wa Rutamba, muuza mihogo, alikuwa amemwambia kwamba mtoto wa shemeji yake Siti ana homa, na nyumba ile wameanza kuulizana nani aliondoka na kinyongo.

"Unaona mambo hayo?" akaniambia. "Kesho hawaji kuzungumza, wanakuja kumshitaki. Umekaa naye jana mpaka mmemaliza miyaa, usiniambie mlizungumza mikeka. Nipe neno, Mwahija. Nipe neno nimtetee mwanangu."

Hakuwa mbea pale. Alikuwa mama, na alichosema kilikuwa na haki. Lakini nilimjua Maftaha. Angesimama katikati ya wageni aseme, mwanangu hana jicho, mwanangu anaumia tu kwa ajili ya jina! Na neno la kumtetea ndilo lingemfunga.

"Mwulize mwenyewe," nikasema.

"Nimemwuliza mpaka nimechoka. Ananiambia hana kitu."

"Nitazungumza naye tena."

"Zungumza! Usisikilize!"

Nikamwambia Siti habari ya homa kama nilivyoisikia, sikupunguza. Aliendelea kusuka. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani kila atakalofanya: akae eda yake hapa Rasbura, atulie, mume mwingine atapatikana. Mgeni nilikuwa namvuta mkono nimpeleke kwangu. Nikajizuia.

"Wewe unataka nini?" nikamwuliza.

"Nataka Rashidi ajue. Yeye peke yake, kabla ya mjomba wake kukaa." Akafikiri. "Iwe kwako. Na wewe uwepo."

"Nikiwepo nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Shika ukili wako."

Nikamtumia Rashidi neno jioni ile ile, na Ijumaa asubuhi akaja kabla ya mjomba wake, amepakiwa kwenye lori la mihogo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavua viatu mlangoni. "Shikamoo, somo." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamwonyesha mkeka, naye akataka kuketi mbele ya mkewe. Nikamwambia hapana, kaa huku, ukutani, mshikie mwenzako miyaa. Akaniona nimechanganyikiwa, lakini akashika.

Siti akasema. Alisema yote, polepole, jina na kuitika na jicho, na hakunitazama mimi wala hakumtazama mumewe.

Rashidi akamgeukia. "Subiri, mke wangu. Mungu atatupa mwingine."

Nikaona mabega ya Siti yakirudi ndani. Nikaona anachukua kanga yake kujitanda, na nikajua akishajitanda hatafunguka tena, kwangu wala kwa mtu yeyote.

"Rashidi," nikasema, "kabla hujamjibu, hebu mwambie umesikia nini."

"Nimesikia, somo."

"Mwambie yeye."

Akageuza ule mwaa mkononi. "Umesema... wakimwita Bakari, wewe unaitika." Akaukunja mwaa. "Umesema jina lilikuwa la wetu." Nikaanza kusuka ili nisimjibie. "Siti, mimi ndiye niliyemshika kule makaburini. Wazee walisema hana jina, tumwombee dua tu. Nilipomlaza nilimwita. Kimyakimya. Nikamwita Bakari wangu. Wakimwita huyu mwingine mimi huchukua jembe nikaenda shamba, hata kama hakuna kazi."

"Hukuniambia."

"Uliambiwa usilie. Nikaogopa nikisema utalia."

Nikainuka nikaenda kukoleza moto ambao haukuwa na haja ya kukolezwa. Yaliyobaki waliambiana wao, na hayo Siti ameniambia nisiyaandike.

Baada ya sala tukakaa kwa Maftaha. Mzee Abilahi alikuwa mrefu, mkavu, na kanzu yake imepigwa pasi. Salamu zilipokwisha akatangulia kusema kwamba mtoto hana homa tena, lilikuwa jino. Maftaha akasema alhamdulillahi kwa sauti ya kugombana. Kisha mzee akamgeukia mpwawe.

"Haya, mwenye mke. Tumekuja kuchukua au kuacha?"

"Mjomba, siachi mke wangu," Rashidi akasema. "Ila Rutamba haturudi kuishi. Nitatafuta kibarua bandarini na tutapanga chumba hapa hapa Rasbura. Mikutano ya nyumbani nitakuja, na shamba nitalima msimu ukifika."

"Uhamie kwa wakwe! Si watakuoshesha vyombo!"

"Nitaviosha, mjomba."

Mzee akatabasamu upande mmoja. "Na sababu?"

"Sababu ni yangu na mke wangu."

Mzee Abilahi akamtazama Siti, aliyekuwa ameinama lakini hakujifunika uso. Akanitazama mimi. Kwa desturi yetu, hapo ndipo somo husema. Maftaha alikuwa ameshanigeukia, kinywa kimefunguka nusu.

"Somo, una la kuongeza?"

"Sina, mzee. Wenye neno wamesema."

Akanyoosha viganja. "Basi tusome fatiha."

Wageni walipoondoka nilirudi kwangu, nikatia udhu, nikasali alasiri. Nilikuwa bado kwenye mswala Maftaha alipoingia. Akangoja nitoe salamu, kisha akaketi kwenye mkeka ule ule, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele zake.

"Asubuhi nimeona viatu vya Rashidi mlangoni kwako," akasema. "Viatu vyake, na vya mwanangu."

"Walikuwa hapa."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua."

"Mimi nimemzaa. Nimemnyonyesha. Wewe ulimweka ndani siku chache tu. Wewe ndio ujue, mimi nibaki na upofu wangu?"

"Inakuuma kwamba hakukuambia wewe," nikasema.

"Usinirudishie maneno yangu, Mwahija! Sikuja kwenye darasa lako!" Akavuta pumzi. "Mumeo alipokufa, nani alikuhudumia edani?"

"Wewe."

"Nani alikuchotea maji? Nani alilala mlangoni kwako ulipokuwa unaogopa giza? Na uliyokuwa ukiyasema usiku ule, kuna mtu mtaani amewahi kuyasikia kutoka kwangu?"

"Hakuna, Maftaha."

Na ilikuwa kweli. Hakuwahi kuyatoa. Mimi nilikuwa nimemkubalia Siti kwamba mdomo wa mama yake hauna komeo, na kumbe yangu aliyafunga miaka yote.

"Basi niambie," akasema. "Moja tu. Kosa ni langu au si langu?"

Nilitamani kumwambia si lake. Lakini hilo nalo lilikuwa kipande cha neno la Siti, na nikianza kukimega sijui ningeishia wapi. Nikasogea upande, nikamwachia nafasi ukutani. Nikamsogezea miyaa.

Aliitazama. Akanitazama mimi, uso mzima, kwa muda mrefu, kama anayeusoma ili asiusahau. Halafu akainuka, akaikung'uta kanga yake, akaipita ile miyaa bila kuikanyaga, akatoka.